Unashuku ni siliaki? Pima kwanza, ngano utaiacha baadaye

Kama nyumbani una bahasha imejaa majibu ya maabara ya miaka mitatu minne, nusu yanasema huna kitu na nusu yanasema una taifodi, dawa zote umemeza na tumbo liko palepale, mwongozo huu nimekuandikia wewe. Bahasha ya mdogo wangu ilikuwa ya kaki, imechanika pembeni kwa kufunguliwa kila mara. Ndani mlikuwa na vipimo sita vya Widali (kipimo cha damu cha taifodi), vipimo vya choo ambavyo sikuvihesabu, picha mbili za ultrasaundi, na cheti kimoja kilichoandikwa kwamba ana msongo wa mawazo. Alikuwa na miaka 27 na kilo 43.

Mimi si daktari. Ni dada yake niliyezunguka naye kwenye foleni mpaka jibu likapatikana, na najua wapi tulipoteza muda. Jambo moja lishike kabla ya mengine yote: usiache kula ngano kabla hujapimwa siliaki, yaani ugonjwa ambao ngano inaufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe. Huko mbele nitaeleza kwa nini, maana kosa hilo sisi tulilifanya.

Ugonjwa wenyewe

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka inayofanana na ngano. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Kwa mwenye siliaki, gluteni ikifika kwenye utumbo mwembamba, kinga ya mwili inaamka kupigana nayo, na katika vita hiyo inaushambulia ukuta wa utumbo wenyewe. Ukuta huo una vijidole vidogo sana vilivyosongamana kama nyuzi za taulo, na kazi yake ni kufyonza chakula. Vikishambuliwa kwa muda mrefu vinafupika, vinalala, mwisho ukuta unabaki bapa. Chakula kinapita tu. Madini ya chuma hufyonzwa mwanzoni kabisa mwa utumbo huo, na hapo ndipo panapoumia zaidi, ndiyo sababu mtu anameza vidonge vya kuongeza damu mwaka mzima na damu haipandi.

Aliyeonyesha kwamba kosa liko kwenye ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 nchi yake ilikuwa kwenye njaa ya vita, mkate haupatikani, watu wanakula hadi vitunguu vya maua ya tulipu. Watoto wenye siliaki wakapata nafuu wakati wenzao wanadhoofu, na mkate uliporudi wakaugua tena. Alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930, na tasnifu yake aliitoa 1950. Kabla yake kulikuwa na madaktari Marekani waliowalisha watoto hao ndizi kwa wingi, na walipata nafuu kweli, kwa sababu ndizi zilichukua nafasi ya mkate.

Utaambiwa huu ni ugonjwa wa Wazungu. Si kweli. Uchunguzi uliochapishwa 1999 kwa watoto 990 wa Sahara Magharibi ulikuta kingamwili za siliaki kwa zaidi ya watoto 5 katika kila 100, wakati nchi nyingi zilizopima watu wake hupata kama mtu 1 katika kila 100. Kaskazini mwa India, kwenye ukanda wa ngano wa Punjab, unajulikana vizuri, na Uarabuni pia upo. Pwani yetu ina koo nyingi zenye asili ya huko. Na hata kama huna asili hiyo, hilo halikukingi. Hapa kwetu hautafutwi sana, na kisichotafutwa hakionekani.

Lakini nisikudanganye: kwa mtu anayeishi Tanga, Kisumu au Bujumbura, tumbo linalosumbua muda mrefu mara nyingi lina sababu nyingine. Ndiyo maana hatua za kwanza hazianzi na siliaki.

Hatua ya 1: Andika, usitegemee kumbukumbu

Nunua daftari dogo la shule. Kwa wiki mbili andika kila unachokula na kila unachohisi, pamoja na saa. Usibadilishe chakula chako. Ukurasa mmoja wa mdogo wangu ulisema hivi: "Jumapili. Chapati tatu na maharage, saa 7 mchana. Saa 2 usiku tumbo kama ngoma. Nimeharisha mara nne. Jumatatu sikuweza kwenda kazini." Daktari aliusoma ukurasa ule kwa makini kuliko vyeti vyote vya bahasha.

Andika pia yasiyohusu tumbo, kwa sababu siliaki haikai tumboni peke yake. Kuharisha, tumbo kujaa gesi, kupungua uzito, choo chenye mafuta kinachoelea, hayo yanajulikana. Ila wapo wanaofunga choo badala ya kuharisha. Wapo ambao tumbo haliwaumi kabisa, wana upungufu wa damu usioisha, uchovu usioelezeka, vidonda vya mdomoni vinavyorudi kila mwezi, ganzi miguuni, mifupa inayovunjika kirahisi, mimba zinazoharibika, au ndoa ya miaka mingi bila mtoto na vipimo vyote vizuri. Mtoto anaweza kudumaa, kuchelewa kubalehe, au kuota meno ya ukubwani yenye mabaka. Upele wenye malengelenge madogo yanayowasha sana, ukitokea viwiko vyote viwili, magoti yote mawili na makalioni, muonyeshe daktari wa ngozi na umtajie siliaki kwa jina.

Angalia na kucha. Za mdogo wangu zilikuwa zimebonyea katikati kama kijiko, ukidondosha tone la maji linatulia juu ya ukucha. Kwa miaka miwili tulidhani ni sabuni ya kufulia, kumbe ni dalili ya upungufu mkubwa wa madini ya chuma.

Halafu uliza nyumbani. Kuna mtu wa damu yako mwenye siliaki, kisukari cha aina ya kwanza kilichoanza utotoni, au ugonjwa wa tezi ya thairoidi, ile ya shingoni? Hayo hutembea pamoja na siliaki, kwa hiyo ukiwa nayo sababu ya kupima inaongezeka.

Damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, homa na jasho la usiku, kutapika kusikokoma, uvimbe tumboni, au mtoto anayeharisha na kulegea: hapo daftari liache, nenda hospitali leo.

Hatua ya 2: Ondoa kwanza yaliyo ya kawaida

Omba vifanyike kwa pamoja, si kimoja mwezi huu na kingine mwakani. Choo kikubwa kipimwe mara tatu siku tofauti, kwa sababu giadia, kijidudu cha utumbo, hujificha, na kipimo kimoja kisichoona kitu hakitoshi. Hapo wanaangalia pia amiba, minyoo ya safura na, kama umeishi karibu na ziwa au mabwawa, kichocho. Picha kamili ya damu pamoja na akiba ya chuma. VVU, hata kama ulipima mwaka jana. Sukari na tezi ya thairoidi. Kama kuna homa za jioni na kukonda, kifua kikuu, ambacho tumboni nako kinaingia. Wale bakteria wa vidonda vya tumbo nao wapimwe.

Kuhusu taifodi, niseme wazi. Kipimo cha Widali kimoja peke yake hakiaminiki. Kinaweza kusoma una taifodi wakati huna, hasa kwa mtu anayeishi mahali ugonjwa huo umezoeleka. Kama umetibiwa taifodi mara ya tatu na tumbo halijabadilika, huna sababu ya kukubali mara ya nne bila kuuliza kama damu inaweza kuoteshwa maabara, ionekane kama bakteria wa taifodi wamo kweli.

Na maziwa. Watu wazima wengi wa kwetu hatusagi vizuri sukari ya maziwa, na dalili zake ni gesi na kuharisha. Yaache maziwa wiki mbili uone. Jaribio hilo haliharibu kipimo chochote. Ila fahamu kwamba utumbo ulioumizwa na siliaki nao hushindwa maziwa, kwa hiyo nafuu ya kuacha maziwa haimalizi swali.

Hatua ya 3: Endelea kula ngano

Sisi tuliharibu hapa. Rafiki alimwambia mdogo wangu aache ngano. Akaacha mkate, chapati, maandazi, tambi, kila kitu. Wiki ya tatu tumbo likatulia, baada ya miezi miwili nywele zikaacha kubaki kwenye kitana. Tukafurahi. Mwezi wa tano tukaenda kupima ili tupate uhakika, na kipimo kikarudi safi. Daktari akamuuliza, "Dada, ngano unakula?" Akajibu, "Hapana daktari, niliacha miezi mitano iliyopita." Daktari akaweka kalamu chini.

Vipimo vya siliaki havimtafuti mdudu. Vinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza pale gluteni inapoingia. Ukiacha gluteni zinashuka taratibu, na ukuta wa utumbo nao unaanza kujijenga. Ukipimwa hapo unaonekana mzima, halafu hujui kama huna ugonjwa au umeuficha. Na jibu unalihitaji, kwa sababu mwenye siliaki anaiacha gluteni maisha yake yote, hadi chembe, na anafuatiliwa mifupa, damu na tezi. Mtu anayesumbuliwa na ngano kwa sababu nyingine, nao ni wengi, hahitaji kuishi hivyo.

Kama bado unakula, endelea kama kawaida yako. Kama umeshaacha, zungumza na daktari kuhusu kuirudia. Miongozo ya Uingereza inataka mtu ale gluteni kwenye zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa muda usiopungua wiki 6 kabla ya kipimo. Mdogo wangu alikula slesi mbili asubuhi na chapati jioni. Namkumbuka usiku wa siku ya nne, amekaa mkekani na kisahani mapajani, chai ya rangi pembeni, ile chapati ameikata vipande vinne na anakula kimoja kimoja huku amelishika tumbo. Mama alitoka nje asimtazame. Alipotaka kuacha nilimwambia, "Mwanangu, maliza hiki, kesho tunahesabu siku nyingine." Nisingependa mtu mwingine apitie hilo kwa sababu tu hakuambiwa mapema.

Kama kuirudia kunakuangusha vibaya, usijilazimishe kimya kimya. Rudi kwa daktari. Kipo kipimo cha vinasaba, HLA-DQ2 na DQ8, kisichotegemea chakula. Ukikosa vyote viwili, siliaki karibu imeondoka mezani. Ukiwa navyo, hakijakwambia kitu, maana watu wengi wasio na ugonjwa wanavyo.

Hatua ya 4: Omba kipimo cha damu kwa jina lake

Jina liandike kwenye karatasi usije ukalisahau dirishani: tTG-IgA, pamoja na IgA ya jumla. Viwili, si kimoja. IgA ni aina moja ya kingamwili, na IgG ni aina nyingine. Sababu ni kwamba wapo watu ambao miili yao haitengenezi IgA ya kutosha, na kati ya wagonjwa wa siliaki ni wengi zaidi kuliko kwa watu wengine. Kwa mtu huyo tTG-IgA itarudi chini hata kama ugonjwa umemjaa. IgA ya jumla ikiwa chini, daktari ataomba vipimo vya aina ya IgG.

Si kila zahanati ina kipimo hiki. Maabara kubwa za mjini ndizo za kuuliza, na kama hawafanyi wenyewe, waulize kama wanapeleka sampuli kwingine, itachukua siku ngapi, bei ni kiasi gani, na bima yako inalipia au la. Uliza kabla damu haijachukuliwa.

Kwa daktari nenda na daftari na bahasha. Tuliyemkuta sisi alikuwa mtu mzima, na mdogo wangu alianza hivi: "Shikamoo daktari. Tumbo lina miaka mitano, damu inashuka licha ya vidonge. Minyoo, VVU na sukari nimepima, majibu haya hapa. Naomba tuangalie na siliaki." Ukisema hivyo humfundishi kazi, unampunguzia maswali. Akisema ugonjwa huo haupo kwetu, muulize kwa adabu nini kingine kinaweza kueleza damu isiyopanda, na kama anaweza kukuandikia rufaa kwa bingwa wa mfumo wa chakula.

Majibu yakija, tazama namba yako na kiwango cha mwisho cha maabara hiyo hiyo, kilichochapwa pembeni. Usilinganishe na namba ya mtu aliyepima kwingine, vipimo vinatofautiana. Ikizidi kiwango, nenda hatua inayofuata na ngano uendelee kula. Ikiwa ndani ya kiwango, IgA ya jumla ikawa nzuri na ngano ulikuwa unakula, siliaki inakuwa mbali, ingawa daktari mwenye shaka kubwa bado anaweza kutaka kamera.

Fedha yako usiipeleke kwenye vile vimashine vya kushika mkononi vinavyodai kusoma mwili mzima, wala kwenye orodha ndefu za "vyakula visivyokupenda" zinazopimwa kwa IgG. Havipimi siliaki.

Hatua ya 5: Kamera na kinyama

Kwa mtu mzima, damu ikionyesha, kawaida uthibitisho ni kuingiza kamera kupitia mdomoni na kuchukua vinyama, yaani vipande vidogo sana vya ukuta, kutoka mwanzo wa utumbo mwembamba. Unalala na njaa, koo linapuliziwa ganzi au unapewa dawa ya usingizi mwepesi, na shughuli yenyewe ni ya dakika chache. Kinyama hakiumi kinapokatwa.

Kabla hujalala pale kitandani, sema hivi: "Daktari, naomba vinyama vichukuliwe kwenye utumbo mwembamba hata kama unaonekana mzima." Mdogo wangu aliwahi kuingizwa kamera miaka miwili kabla. Vilitafutwa vidonda vya tumbo, havikuonekana, akaruhusiwa. Hakuna kilichochukuliwa. Jicho la kamera linaweza kuona ukuta mzuri wakati vijidole vimeshaisha, na uharibifu wenyewe hukaa kwa mabaka, ndiyo maana vinatakiwa vinyama visivyopungua 4 kutoka sehemu ya pili ya duodeni, ndio huo mwanzo wa utumbo mwembamba, na kimoja au viwili kutoka mwanzo wake.

Ukuta uliolala peke yake hautoshi kusema siliaki, hasa kwetu. Giadia, kifua kikuu cha tumbo, VVU na utapiamlo mkali navyo vinaweza kuulaza. Kinyama kinasomwa pamoja na damu. Kwa watoto, miongozo ya Ulaya ya 2020 inaruhusu kuacha kamera ikiwa tTG-IgA imefika mara 10 ya kiwango na sampuli ya pili ya damu imethibitisha kwa EMA, kipimo kingine cha kingamwili za siliaki. Uamuzi huo ni wa daktari wa mtoto pamoja na wazazi.

Ikithibitika

Sasa ndipo ngano inaachwa. Na hapa sisi tuna bahati kuliko watu wa nchi za mkate: ugali wa sembe au dona, wali, muhogo, ndizi, viazi, mtama, ulezi, uwele, maharage, samaki, vitumbua vya mchele, mkate wa sinia. Jiko la Mswahili lilikuwa tayari.

Hatari iko kwenye visivyoonekana. Bokoboko ni ngano. Visheti, kaimati, sambusa na tambi ni ngano. Unga wa uji wa lishe mara nyingi umechanganywa na ngano, uliza aliyesaga. Bia na vinywaji vya kimea vina shayiri. Sosi ya soya ina ngano. Bajia ni za dengu, lakini wapo wanaoongeza ngano, na mafuta yaliyokaangiwa maandazi asubuhi si salama kwa viazi vyako jioni. Mashine ya kusaga ndiyo iliyotusumbua zaidi: ikitoka kusaga ngano, unga wa kwanza wa mahindi yako unatoka umechanganyika. Tulimpata mwenye mashine asiyesaga ngano kabisa. Kwenye pakiti, maneno "haina gluteni" kwa viwango vya kimataifa yana maana ya gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo.

Kwa Wakatoliki, hostia isiyo na gluteni kabisa hairuhusiwi, ila zipo zenye gluteni kidogo sana zinazokubaliwa, au unaweza kukomunika kwa divai peke yake, kutoka kikombe ambacho hakijachovywa hostia. Paroko wetu alilipokea vizuri kuliko tulivyotarajia.

Damu hupimwa tena baada ya miezi 6 na baada ya mwaka, kuona kingamwili zinashuka. Kwa mtu mzima utumbo unaweza kuchukua zaidi ya mwaka kupona. Kwa wengi maziwa hurudi kukubalika. Mdogo wangu sasa ana kilo 54, na kucha zimeota upya, bapa.

Watu wa damu

Ndugu wa karibu, yaani wazazi, watoto na ndugu wa tumbo moja, wapimwe hata wasipoumwa. Kati yao takriban mtu 1 katika 10 huwa nao. Mama amepima, hana. Mimi sina. Kaka yetu mkubwa, ambaye hajawahi kulalamika tumbo tangu tunamjua, kipimo chake kimerudi juu mara tatu ya kiwango. Anaingia kwenye kamera mwezi ujao, na mpaka siku hiyo mama anamsukumia chapati kama kawaida.